Pimbi na Mlolongo Uliokosa wa Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri, hata waliokuwa wanasinzia. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, palikuwa na Bi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia, anakaa majabalini. Mdogo wa mwili, lakini mdomo! Akiona jambo limepinda, hatulii mpaka aliseme.

Na jambo lilikuwa limepinda bwawani. Mwenyekiti wa Bwawa alikuwa Kiboko. Kila asubuhi wakubwa hutangulia. Kiboko, chubwi! Kifaru, chubwi! Nyati, chubwi! Wakichoka kuoga, ndipo wadogo huitwa. Watakunywa nini? Tope. Vifaranga wa Kanga walikuwa wanaharisha, wakipona wanaharisha tena.

Pimbi akasema, "Mwaka huu nagombea. Nikipata kiti, wadogo watakunywa kwanza, wakubwa wataoga baadaye. Basi. Sina ahadi nyingine."

Wadogo wakashangilia, vigelegele mpaka majabali yakaitikia. Kanga akamwambia, "Tangulia, Shangazi. Mimi nipo nyuma yako."

Sasa sikilizeni walivyopiga kura. Karatasi hakuna. Mgombea husimama ukingoni, anatazama maji, ni mwiko kugeuka. Anayemtaka hupanga mstari nyuma yake. Korongo huhesabu, kisha huita, "Geukeni!"

Siku ikafika. Nyuma ya Kiboko, du! du! du! wakubwa wakapanga mstari. Nyuma ya Pimbi, kimya. Pimbi akajisemea, wadogo wana nyayo nyepesi. Moyo wake ukatulia.

"Geukeni!"

Pimbi akageuka. Nyuma yake palikuwa na nyasi tu.

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alikwenda jabalini kwake akalia, maana alikitaka kile kiti.

Kesho yake akanawa uso, akarudi kazini. Sungura akishikwa na uchungu, mkunga ni Pimbi. Watoto wa Digidigi wakitaka kujifunza kupanda mawe, mwalimu ni Pimbi. Nungunungu na mkewe wakigombana kwa kuchomana usingizini, msuluhishi ni Pimbi. Fungo akioa, anayeongoza ngoma ni Pimbi, na mnajua Fungo anavyonuka.

Masika mengine yakaja. Akagombea tena. "Tangulia, Shangazi, tupo nyuma!" Akatangulia.

"Geukeni!"

Nyasi.

Safari hii hakulia, alikasirika. Akamfuata Kanga. "Wewe, mbona hukuja?"

"Nilikuja, Shangazi! Nilikuwa nyasini. Nilimngoja Sungura aanze."

"Mimi nilimngoja Digidigi," akasema Sungura.

"Na mimi nilimngoja Kanga," akasema Digidigi. "Nisimame peke yangu, Kifaru ananikodolea macho? Lakini nikimwona mmoja tu kasimama, wallahi mimi wa pili!"

"Wa pili mimi!" akasema Sungura.

"Wa pili ni mimi!" akasema Kanga. Wakaanza kusukumana.

Pimbi akawatazama. Akanyamaza. Akanyamaza siku nyingi, Pimbi huyo huyo, mpaka majirani wakauliza kama anaumwa.

Masika ya tatu akawaita wote. "Mwaka huu sigombei. Atagombea Kanga."

"Mie!" Kanga akaruka. "Mie si wa kiti, Shangazi!"

"Sauti unayo, na watoto wanaoharisha unao. Wewe tazama maji tu."

"Na wewe je?"

"Mimi napiga kura."

Alilisema kama mzaha, lakini lilimuuma. Miaka yote alijiona yeye pale ukingoni.

Siku ikafika. Kanga akasimama ukingoni, akatazama maji. Nyuma ya Kiboko, du! du! du! Nyasini, kimya.

Mara, cha, cha, cha. Pimbi akatoka nyasini, peke yake, mchana kweupe. Akasimama nyuma ya Kanga. Kifaru akamkodolea macho. Pimbi naye akamkodolea.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Pimbi.

Kifaru angefanya nini? "Marahaba," akajibu, akatazama pembeni.

Nyasini wadogo wakatazamana. Wa kwanza yupo! "Wa pili mimi!" "Toka, wa pili mimi!" Fyuu, Sungura. Fyuu, Digidigi. Nungunungu na mkewe, nao wakaachiwa nafasi ya kutosha mbele na nyuma. Mstari ukazunguka jabali, ukapotea. Korongo akahesabu mpaka akakaa chini.

"Geukeni!"

Kanga akageuka, nusura azimie. Kiboko akageuka, akautazama ule mstari, akahema, pfuuu! "Basi, nitaoga mchana," akasema. "Tena asubuhi maji huwa baridi."

Kesho yake alfajiri, Mwenyekiti Kanga akasema, "Tangulia, Shangazi. Tupo nyuma yako." Na kweli walikuwepo, yeye na vifaranga wake wote.

Pimbi akainama anywe. Maji hayajaguswa na mtu. Akaona uso unamtazama, uso ambao tope halikuwahi kumwonyesha.

"Kumbe nina mashavu!" akasema, akacheka, akanywa.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: mlolongo haukosi watu, hukosa wa kwanza. Na huyo wa kwanza si lazima awe mwenye kiti.

Hadithi yangu nimeifikisha bwawani. Hapo naiacha, nayo inywe maji.