Jina la Kwenye Paji la Pikapu

Sogeeni. Mwenye masikio ayafungue, mwenye jibu alifungie mdomoni kwanza mpaka nimalize, maana hii kila ninapoisimulia watu huanza kugombana kabla sijafika mwisho.

Kule juu Usambara, kwenye stendi ndogo ya pikapu za mboga, kulikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na chake.

Mama Hoza alikuwa na sikio. Anauza chai na chapati kwenye geti la gereji, mwaka wa tisa huo. Anakaa amegeukia moto, barabara haitazami, lakini gari ikikata kona atakwambia ni ya nani, imebeba kabichi au imebeba watu, na dereva ameamka vizuri au amegombana na mkewe.

Fundi Singano alikuwa na mkono. Mashine za kupimia gari anazisikia kwa watu tu. Yeye anapiga jeki, anashika tairi juu na chini, anafumba macho, anaitikisa kidogo kama mtu anayemwamsha mtoto. Akifumbua macho anajua kilichokwisha. Shida yake ni maneno. Kwa siku anatoa kama manne, na mawili kati ya hayo ni "lete spana".

Mdoe alikuwa na mdomo. Habari za gari hajui kitu, ukimwambia radieta ni ya kuchemshia mayai atakubali. Kazi yake mpiga debe. Mtu ametoka kwake kwenda kununua chumvi, akikutana na Mdoe dakika mbili tu, yuko juu ya gari anaenda Korogwe kumsalimia shemeji ambaye hata hampendi.

Sasa mwenye gari. Anaitwa Mbelwa. Alikuwa utingo miaka sita, akila vumbi nyuma ya gari za watu, mpaka akapata pikapu yake, kuukuu lakini yake. Aliipenda vibaya mno. Kila asubuhi anaifuta mpaka nati za tairi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa madereva wa pale: gari ikitoa mlio, anaongeza sauti ya muziki.

Jumanne Mama Hoza akamwambia gari inalia, mbele kushoto, ikikata kona. Jana ililia tak mara moja, leo tak tak. Mbelwa akamjibu kwamba Mama anasikia kifimbo chake cha kusukumia chapati. Jumatano akaambiwa tena, akaongeza muziki. Alhamisi akaambiwa mara ya tatu, akapita bila hata kunywa chai. Basi Mama Hoza akaacha jiko, akaingia gereji mwenyewe kumwambia Singano.

Ijumaa Mbelwa alipokuja kujaza upepo, Singano akapiga jeki bila kuombwa. Akashika, akafumba macho, akatikisa. Tairi ikacheza, kidogo sana, upana wa ukucha. Akaingia chini. Akakuta boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia tairi ya mbele isichomoke gari ikigeuka. Kifuniko chake cha mpira kilipasuka zamani. Mbelwa, badala ya kubadilisha, alikizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli akafunga fundo, kama walivyomfundisha alipokuwa utingo. Mchanga ulikuwa umeshaingia. Kwa hiyo kaufungia humohumo ndani, na kila kona ukawa unasaga chuma taratibu.

Singano akatoka chini, akasema, "Hii imekwisha."

Mbelwa akamuuliza kama gari inatembea au haitembei. Singano akafikiri, akakubali kwamba inatembea.

"Sasa iliyokwisha inatembeaje, fundi?"

Pikapu ikaondoka. Singano akaagiza boljointi mpya, ije na gari ya mboga inayorudi kutoka Tanga.

Jumapili asubuhi ndiyo siku yenyewe. Mdogo wake Mbelwa, Hidaya, anaolewa Mombo, na kaka mtu ndiye anayempeleka. Pikapu imesimama stendi, imefungwa vitambaa mpaka kwenye vioo. Bi harusi mbele, shangazi saba nyuma, bibi katikati yao kwenye kiti cha plastiki, vigelegele tayari vimeanza. Na ile barabara ya kushuka wanaoijua wanaijua: kona juu ya kona, huku mwamba, huku ukichungulia huoni chini.

Mama Hoza alisikia injini inawashwa, akamkimbilia Mdoe, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Mdoe hakumfuata dereva, alizunguka nyuma kwa abiria. Na mjue, mpiga debe kushusha watu pale ni kosa kubwa. Wakubwa wa stendi wakikuona umemharibia mtu safari bure, kazi huna tena. Akapanda kwenye bampa akawaambia, "Shangazi zangu, miaka kumi na moja napandisha watu. Leo nawaomba mshuke. Fundi Singano ana neno, na yule akiwa na neno mjue limemshinda kukaa nalo."

Shangazi wakamtazama tu. Akamgeukia bibi, akamweleza kwamba mjukuu wake anaongeza muziki ili asisikie gari inavyolia.

"Hata mimi ananifanyia hivyohivyo," bibi akasema, akaanza kushusha mguu.

Bibi akishuka, nani anabaki?

Mbelwa akatoka amevimba. Suti ya watu, jasho linamtoka, simu za kwa bwana harusi zinaita. Akamwambia Singano, aliyekwisha kutoka gereji na jeki yake, "Fungua. Ukikosa kitu, bibi yangu unambeba mgongoni mpaka Mombo."

Singano akafungua. Alipokitoa kile chuma alimwekea Mbelwa mkononi. Mbelwa akakitikisa. Kichwa kikachomoka kwenye nyumba yake kama jino la mtoto, kikadondokea kiganjani. Nyundo haikuguswa. Alitikisa tu.

Muziki ulikuwa bado unapigwa ndani ya gari. Hidaya akanyoosha mkono akauzima.

Mbelwa akawatazama shangazi mmoja mmoja, kama anayewahesabu, akakaa chini na suti yake ya kuazima. Alipoinuka akaapa mbele ya stendi nzima. Pale kwetu kila gari ina maandishi kwenye paji, juu ya kioo cha mbele, na dereva anaitwa hivyohivyo mpaka anazeeka. Paji la Mbelwa lilikuwa tupu, miezi mitano anatafuta neno.

"Aliyeniokoa, jina lake linakaa hapa," akasema. "Jina moja. Na gari haishuki mlima kabla halijaandikwa."

Singano akafunga kile kipya, kilichofika jana yake na gari ya mboga, akapaka grisi, akakaza. Wakaizungusha pikapu uwanjani, kushoto mara tatu, watu wametega masikio. Haikulia. Mama Hoza akaitikia kwa kichwa. Fundi rangi akaja na kopo lake, akauliza aandike nani.

Hapo ndipo pagumu.

Mama Hoza akasema, "Nisingesikia mimi, nani angepiga jeki?"

Singano naye akatoa maneno mengi kuliko ya siku mbili. "Sikio lilisema inalia. Ugonjwa halikuujua. Na kipya nani aliagiza?"

Mdoe akacheka. "Nyie wawili mlijua tangu Ijumaa. Jumapili watu walikuwa wapi? Si juu ya gari?"

Mtu akashauri yaandikwe yote matatu. Fundi rangi akakataa, paji jembamba, herufi zitakuwa kama za kwenye kiboksi cha dawa. Na Mbelwa ameapa moja. Bibi naye akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza, watu wakacheka.

Mbelwa anamtazama huyu, anamtazama yule. Akiandika Mama Hoza, stendi nzima itamwita Mama Hoza mpaka anazeeka, na hilo yuko tayari kulibeba. Anachoogopa ni wale wawili watakaobaki kulisoma kila siku. Hidaya akatoa kichwa dirishani: "Kaka, mume wangu ananisubiri. Amua."

Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka.

Mmoja alisikia akadharauliwa na hakunyamaza. Mmoja alishika akajua, akaagiza dawa kabla mgonjwa hajakubali kuumwa. Mmoja hakujua chochote, akaweka kazi yake rehani kwa maneno ya wenzake.

Haya, shika brashi wewe. Bi harusi anangoja. Unaandika nani?