Filimbi Nyembamba ya Mjomba Shekolowa

"Kila filimbi na pumzi yake." Ndivyo mwalimu alivyowaambia leo watoto waliokuwa wakimcheka Zubeda kwa kusoma polepole, na mjukuu wangu huyu amerudi nyumbani amevimba, akidhani naye ametukanwa. Hukutukanwa, Zubeda. Kaa hapa na kaka yako Mbazi, mnisaidie kupukuchua mahindi, niwaeleze, maana mimi nilikuwapo. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani, bibi harusi hakutoka kwao kwa gari. Alitoka kwa miguu, akitanguliwa na mjomba wake anayepiga filimbi, kuanzia kizingiti cha mama yake mpaka kijitoni. Filimbi ikinyamaza njiani, bibi harusi hurudi ndani, na harusi hungoja mpaka mavuno mengine. Sisemi desturi hiyo ilikuwa na akili. Nasema ilikuwa desturi, na watu waliishika.

Mjomba wangu Shekolowa alikuwa amewatoa mabibi harusi kumi na mmoja wa ukoo wetu. Filimbi yake aliirithi kwa baba yake: ya bati zito, nene kama gunzi hili, na ilikula pumzi vibaya sana. Akiipiga, ng'ambo ya bonde walisikia. Lakini akifika kijitoni alikuwa hoi, kashika kiuno, hawezi kutamka neno. Dada zangu wawili walivuka kwenda kwa waume zao wakamwacha amekaa juu ya jiwe anahema, wala hawakuagana.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na Mjomba ndiye aliyenilea. Zamu yangu ilipofika, alikuwa amezeeka na kifua chake kimebana. Wiki tatu kabla ya harusi aliijaribu njia peke yake. Hakufika hata kwenye zizi la mbuzi. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama na filimbi mkononi, akijifanya anawahesabu mbuzi. Iliniuma sana.

Wazee wakaamua kazi apewe mdogo wake, Mjomba Ngoda, mbeba mbao, mwenye kifua kama mvukuto wa mhunzi. Ngoda hakuwa mtu mbaya. Ila alizoea kwamba kitu kisipokwenda, basi kinataka nguvu zaidi.

Mimi nikaenda kwa Fundi Hemedi, aliyekuwa akitengeneza vibatari na ndoo za bati.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, bibi harusi. Umefuata ndoo?"

"Nataka filimbi ya mtu asiye na pumzi."

Hakucheka. Aliniuliza ni nani huyo, nikamtajia. Kisha akanieleza kwamba kinachomaliza pumzi ni upana wa bomba na upana wa tundu la mdomoni. Akakunja bomba jembamba kama kidole changu cha mwisho, akalitia lehemu, na tundu la kupitishia pumzi akaliacha finyu, unyasi tu ndio ungepenya.

"Hii haitaki kifua," alisema. "Ukiikazia itapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwambie mzee aipulize kama anayempozea mtoto uji."

Siku ya harusi niliifunga kwenye leso nikaiweka mezani, nikingoja nafasi ya kumpa. Sikuipata, bibi harusi siku hiyo huvutwa huku na huku kama kamba. Ngoda akaifungua leso, akaiona filimbi mpya inang'aa, akadhani imetengenezwa kwa ajili yake. Ile kuukuu akaiacha ukutani.

Akasimama mbele ya mlango, akajaza kifua, akapuliza. Sauti ilitoka kali, ya kuchoma masikio, mbuzi wakarukiana zizini. Akakaza zaidi, nayo ikazidi kulia. Watu wa upande wa bwana harusi wakaanza kucheka. Mama yangu akajifunika uso kwa kanga.

"Hemedi, umetutengenezea kitu kibovu," Ngoda alisema, jasho likimtoka.

"Si kibovu," Fundi alijibu kutoka kwenye mkeka wa wageni. "Umekipa pumzi isiyo yake."

"Filimbi ni filimbi."

"Hapana, Ngoda. Kila filimbi na pumzi yake."

Mguu wangu ulikuwa bado haujavuka kizingiti, kwa hiyo desturi ilikuwa haijavunjika. Bibi harusi hatakiwi kusema, lakini nilisema. "Sitoki mpaka anitoe Mjomba Shekolowa."

"Mwanangu, nitakuaibisha," Mjomba alisema nyuma ya watu. "Sifiki."

"Usiipulize, Mjomba. Ipoze kama uji."

Alikuja. Akaipokea kwa Ngoda, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaiweka mdomoni kama mtu anayeogopa kuungua. Ikatoka sauti ndogo, safi. Ilikuwa ndogo hivi kwamba wanawake walikatisha vigelegele ili waisikie. Tukaanza kwenda. Waliokuwa wakicheka wakanyamaza, wenye watoto wakawabeba wasilie, na harusi nzima ikatembea polepole nyuma ya mzee mmoja. Tulipita zizi la mbuzi. Tulipita migomba ya jirani. Nilikuwa nikihesabu hatua zake, nikingoja asimame, naye hakusimama.

Kijitoni akaishusha filimbi. Watu wakamtazama, wakisubiri ashike kiuno atafute jiwe lake. Badala yake alinigeukia.

"Mwajabu," alisema, "kumbe pumzi imebaki."

Akanishika mkono. "Wale wengine wote nilitaka kuwaambia neno hapa, nikashindwa. Basi lichukue wewe, ukawape na dada zako. Wakikutunza, kaa. Wasipokutunza, njia ya nyumbani unaijua, na mlango sitaufunga."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Nyuma yetu akaja Ngoda anakimbia, ile filimbi ya babu mkononi, kwa maana upande wa pili ni mlima na kwa bwana harusi ni mbali, sauti ndogo isingefika. Akavuka mbele yangu akaipuliza kwa kifua chake chote, na safari hii ikaitika, bonde zima likajaa. Kwa bwana harusi walitusikia kabla hawajatuona. Mjomba Shekolowa alibaki ng'ambo, amesimama wima, mpaka nilipopinda kona.

Dada yangu mkubwa, nilipompelekea lile neno, alikuwa ameolewa miaka tisa. Aliniomba nilirudie mara mbili. Wiki iliyofuata alifunga mzigo wake akarudi nyumbani, akakuta mlango uko wazi kama alivyoahidiwa.

Basi, Zubeda, futa uso. Kesho ukisoma, soma kwa mwendo wako mpaka ufike mwisho wa ukurasa, na anayecheka mwambie bibi yako kasema: kila filimbi na pumzi yake.