Mkeka wa Mbele ya Hori

Mmenikuta nimechuchumaa hapa mbele ya hori, ufagio mkononi, mkaniuliza mkeka huu ni wa nini. Kila Krismasi vijana huuliza. Haya, wekeni chini hayo maua, nami nikae. Miguu imenisema tangu asubuhi.

Zamani kanisa letu la hapa mlimani lilikuwa la miti na udongo, na mkeka haukuwapo. Siku hizo furaha ya Krismasi ilikuwa sheria. Mzee wa kanisa aliyeitwa Senkondo alisimama mlangoni na fimbo ndefu ya mpera, akiwakagua watu nyuso. Aliyenuna alirudishwa akanawe uso. Aliyesinzia ibadani aligongwa begani kwa fimbo, na akirudia alitolewa nje. "Leo Mwokozi amezaliwa," alikuwa akisema, "hatutaki sura za matanga."

Hakuwa mtu mbaya. Aliipenda Krismasi kuliko sisi sote, na wiki nzima kabla yake alikuwa akisiliba kuta, akipasua kuni, akibeba maji, asimwambie mtu kwamba amechoka. Wanawake nao walitwanga na kupika mpaka mikono ikafa ganzi, kisha wakaja kanisani wakitabasamu kwa meno tu. Wenye misiba walibaki nyumbani. Mwaka hadi mwaka viti vya nyuma vikazidi kuwa vitupu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka mmoja akaja mwanamke kutoka kule chini tambarare, jina lake Namkunda. Mumewe alikuwa amefariki na kumwacha na mimba, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama kifurushi cha chumvi. Wiki tatu mama yule hakujua usingizi. Mchungaji alikuwa akitufikia mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, na kila aliyemwona mtoto yule alijua kwamba Pasaka iko mbali. Namkunda alitaka kitu kimoja tu, mwanawe abatizwe, apate jina, kabla hajamponyoka.

Pale mlangoni Senkondo alimtazama, akatikisa kichwa. "Mama, nenda kanawe uso kwanza."

"Nimenawa, baba," akajibu Namkunda. "Ndio huu."

Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, na Senkondo akamwacha apite.

Wenye watoto wa kubatizwa walikaa chini, hapa hapa mbele, na ubatizo ulikuwa mwisho wa ibada. Mahubiri yalipoanza, usingizi ukamshinda Namkunda. Senkondo akaja, akamgonga begani. Akashtuka, akakaa sawa, na kabla mzee hajafika mlangoni alikuwa amelala tena. Sheria ni sheria. Senkondo akarudi amtoe nje, na akitoka, basi mtoto hana jina. Alipoinama kumshika mkono, mtoto akateleza kutoka mapajani mwa mama yake. Senkondo akatupa fimbo, akamdaka.

Akabaki ameinama vile, mtoto mikononi. Kisha uchovu wa wiki nzima ukamketisha chini, yeye ambaye hakuwahi kukaa katika ibada ya Krismasi hata moja. Kidogo kidogo kidevu kikashuka kifuani. Mzee Senkondo akalala fofofo, na mtoto juu yake.

Kanisa zima likaangua kicheko. Mama mmoja, ambaye bega lake lilikuwa na deni la miaka mingi, akaiokota ile fimbo. "Leo ni leo," akasema.

"Mwache," mchungaji akamwambia kwa upole. "Habari hii ya furaha waliletewa nani kwanza? Si watu waliokesha na kondoo? Na huyu Mariamu, aliyejifungulia zizini baada ya safari, mnadhani alinawa uso kwanza? Furaha hii hatuji nayo sisi, ndugu zangu. Tunaikuta hapa. Aliyechoka na aje alale karibu nayo."

Yule mama akaiweka fimbo chini, akaenda kuleta mkeka wake, wakawalaza juu yake taratibu. Mchungaji akapiga magoti, akambatiza mtoto mikononi mwa Senkondo, na maji yakamdondokea mzee asiamke. Namkunda peke yake ndiye aliyeamshwa, ataje jina. Akasema, "Elifuraha," kisha akalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyetaka kumtoa nje.

Mtoto hakuifikia Pasaka. Nisiwadanganye. Lakini alizikwa na jina lake, na Krismasi iliyofuata Namkunda alipanda tena mlima na uso wake ule ule. Senkondo alimpokea mlangoni mikono mitupu, akamwongoza mwenyewe mpaka mkekani.

Na tangu siku hiyo, kila Krismasi mkeka hutandikwa mbele ya hori, na anayelala hapo haamshwi. Wale wa viti vya nyuma walirudi. Fimbo mnaiona, ndiyo ile inayoegemeza dirisha.

Haya, leteni hayo maua. Mwaka huu nimemzika dada yangu, na nimechoka, wanangu. Kesho upande wa ukutani wa mkeka huu ni wangu. Ninyi imbeni tu kwa nguvu zenu zote. Nitasikia.