Bi Pimbi na Vyungu Vibichi

— Paukwa, mlioota moto!
— Pakawa, tuliochoshwa na mvua!
— Paliondokea nani?
— Tuambie wewe.

Paliondokea Bi Pimbi, mfinyanzi, aliyejiajiri kwa mikono yake miwili. Udongo aliuchota ukingoni mwa mto, kivulini akakausha vyungu, motoni akavichoma, sokoni akavibadilisha kwa mahindi. Ukingo ule Bwana Kiboko aliuita wake, na kila mwezi alitwaa vyungu kumi.

Mwaka ule mvua ikaja kabla ya wakati wake, ikakataa kuondoka. Ndo, ndo, ndo. Kuni zikalowa. Vyungu vibichi vikajaa kibandani, havikauki, havichomeki. Vilivyokwisha kuchomwa vilibaki kumi tu, na hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha wanawe.

Kiboko akaja, di, di, di. Bi Pimbi akamweleza habari ya mvua, akamwomba angoje jua. Kiboko akajibu kwamba yeye mvua haijamsumbua hata siku moja, na asiye na vyungu ahame leo.

Bi Pimbi akawaza moyoni. Huyu kaishi majini, moto haujui. Na udongo hunywea ukikauka, ukanywea tena motoni. Chungu kibichi huwa kikubwa kuliko kilichochomwa.

"Vyungu ni hivi, bwana mkubwa," akasema, akimpangia vibichi na vilivyochomwa pamoja. "Chagua mwenyewe, nisije nikaambiwa nimekupunja."

"Na hivi vidogo ulitaka kumpa nani?" akauliza Kiboko.

Akaona kikubwa, akatwaa kikubwa. Akaona kidogo, akaacha kidogo. Bi Pimbi akampangia vyote kumi mgongoni.

"Taratibu, bwana mkubwa. Mzigo wa heshima huo."

Kiboko akashika njia mvuani. Ndo, ndo, ndo. Mdomo wa chungu hiki ukang'oka, kitako cha kile kikalainika. Alipoingia mtoni, chubwi, mgongoni palibaki tope.

Viboko wenzake wakamwuliza vyungu viko wapi. Aseme amebeba tope? Akawaambia viko chini kabisa, vimepangwa safu, nyumba imejaa.

Mwezi ulipoandama, Bi Pimbi akaenda mwenyewe kumwuliza, mbele yao wote, kama aletewe vingine.

"Vimetosha," akasema Kiboko.

Bi Pimbi akarudi kibandani. Mvua ilikuwa bado inanyesha, nayo haina masikio ya kudanganywa. Akaanza kuinua sakafu kwa udongo, konzi kwa konzi, maji yasiingie.

Hadithi naitua hapa, aliyelowa akajianike. Na funzo lake mlishike, wanangu: mkiambiwa mchague, chagueni kikubwa, kama Bwana Kiboko.