Ijumaa Niliyomkamata Mtoro

Kabla hujaituma hii kwenye kundi la ukoo, isome mpaka chini. Mimi nilipofika chini nilijikuta nimekaa huko mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha hesabu katika chuo kidogo cha ualimu, huko milimani kwenye baridi ya kugonganisha meno. Wanachuo mia moja na wanne tu. Ukipiga chafya bwenini, jikoni wanakuitikia "Afya!"

Ijumaa saa tisa alasiri hakukuwa na masomo. Kulikuwa na kwaya, netiboli, mdahalo na bustani. Hiyo ndiyo saa chuo kilipopata damu. Na sheria ilikuwa kali: ukikosa kikundi chako Ijumaa nne bila ruhusa, unarudia mwaka.

Mimi nilikuwa mlezi wa kwaya. Walinichagua kwa kuwa nimetembea: Bombay nimefika, Hamburg nimefika, Khartoum nimelala siku tatu nikisubiri ndege. Wakasema mtu aliyetembea hivyo hakosi sauti. Wangejua! Nikiimba, mbuzi huacha majani. Basi Ijumaa saa tisa nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa mjini, nawasimulia wazee habari za Hamburg kwa mara ya arobaini.

Ijumaa moja mvua ilinirudisha. Getini nikapishana na Ambokile, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, anatoka mbio. Nikapita kando ya ukumbi. Ndani, Atuganile, katibu wa kwaya, alikuwa anaita majina.

"Ambokile!"

"Yupo!" ikajibu sauti ya nyuma.

Nilipigwa na butwaa. Yupo wapi, na mimi nimetoka kupishana naye? Nikasukuma mlango kama askari.

"Nani amemwitikia mtoro?"

Vichwa vikageukia benchi la nyuma.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi, Mwalimu," Atuganile akasema taratibu.

"Basi anarudia mwaka! Jumatatu jina lake liko mezani kwa mkuu wa chuo."

"Mwalimu, naomba usikie kwanza. Mama yake amepigwa na kiharusi. Dada yake ndiye anayemuuguza, na Ijumaa ni siku yake ya gulio. Ambokile asipokwenda, mama hana wa kumgeuza kitandani. Akirudia mwaka, ataacha chuo. Ameshasema."

Moyo ulilegea kidogo, lakini mdomo ulikuwa bado juu.

"Mbona hamkuomba ruhusa? Sheria si inaruhusu?"

Wakatazamana. Binti mmoja akashika mdomo.

"Ruhusa inasainiwa na mlezi, Ijumaa, humu ukumbini," Atuganile akasema. "Ambokile alikungoja hapa Ijumaa nne, Mwalimu, huku mama yake yuko peke yake. Ya tano hakungoja tena."

"Lete hilo daftari!"

Nililichukua ili niyahesabu makosa yao. Jina la kwanza kabisa, juu ya wote, lilikuwa *Mlezi*. Mbele yake alama za vema, mstari mzima, ukurasa baada ya ukurasa. Ijumaa sitini na moja. Nilihudhuria zote!

Nikakaa kwenye benchi la sauti ya nne.

"Na mimi... nani alikuwa ananiitikia?"

"Kwa zamu, Mwalimu," akasema yule wa nyuma. "Leo ilikuwa zamu yangu."

"Jamani, kwa nini?"

"Kikundi kisicho na mlezi kinafungwa. Na sisi tunaipenda kwaya."

Mimi mtu wa Hamburg nikainuka. Nilimrudishia Atuganile daftari kwa mikono miwili.

"Futa ya leo, mwanangu. Anza upya."

Akafuta. Akakohoa kidogo.

"Mlezi!"

Yule kijana wa nyuma alifungua mdomo kwa mazoea, jirani yake akamkanyaga. Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Nipo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Majina yakaendelea mpaka likafika moja, naye akasita.

"Ambokile?"

"Ana ruhusa," nikajibu. "Lete karatasi nisaini. Na Jumatatu mezani kwa mkuu nitapeleka jina moja tu la mtoro, nalo mnalijua."

Funzo: Kabla hujashika daftari kumsaka mtoro, hakikisha jina lako limeitikiwa na mdomo wako mwenyewe.