Skrubu ya Tano

Usinikunjie uso hivyo. Wewe umeona ndege ngapi zilizoundwa nyuma ya mashine ya kusaga? Hujaona hata moja. Basi nyamaza. Mimi niliipanda. Petroli ilinidondokea mapajani, na kitenge nilichovaa kimefuliwa mara sita, bado kinanuka. Kipo kwenye kamba, kanuse. Na kama unaamini, kaa chini uache kutikisa mguu.

Hapo zamani, na zamani yangu mimi ni mwezi uliopita, hapa hapa Lusitanga palikuwa na mtu anaitwa Zabroni Tweve, msaga mahindi, mwanangu wa pili. Huyo aliunda ndege. Miaka tisa aliiunda. Mabomba ya aluminiamu, kitambaa kigumu kilichopakwa rangi, injini ya gari kuukuu, viti viwili: cha mbele cha abiria, cha nyuma cha rubani. Kuirusha alifundishwa na rubani mmoja wa mashamba ya chai. Mara nne alikwisha kuruka peke yake, kiti cha mbele kaweka gunia la mahindi ili uzito ulingane.

Sasa sikilizeni tangi lilikokaa. Lilikaa mbele ya abiria, juu ya magoti yake. Na chini ya miguu yake, chini ya bati la sakafu, ilipita ekzosi, bomba la moshi wa injini. Petroli juu, moto chini, mtu katikati.

Tangi likaanza kuvuja kwenye geji, kile kidude chenye boya kinachoonyesha mafuta yaliyobaki. Geji imeshikwa na skrubu tano. Kazi yenyewe hata mimi ningeifanya: unamwaga petroli, unafungua skrubu, unachomoa geji, unakwangua gundi ya zamani mpaka bati ling'ae, unapaka mpya, unafunga, unangoja siku mbili ikauke. Siku mbili. Imeandikwa kwenye kopo, na mimi darasa la saba langu linatosha kusoma kopo.

Watu watatu waliigusa kazi hiyo.

Wa kwanza ni Ayubu Mahenge, fundi wa mabasi. Alikwangua vizuri, sitamsingizia. Akapaka gundi skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kopo likaisha. Ya tano akafanya wanavyofanya mafundi wa mabasi tangi likitoboka njiani: alikata kipande cha sabuni ya mche, akakikanda kwa vidole, akaziba. Petroli haiyeyushi sabuni, hilo ni kweli, na basi hufika Songea hivyo hivyo. Hakumwambia mtu.

Wa pili ni Edina, mke wa Zabroni. Kazi yake ilikuwa kupima. Alisukuma upepo ndani ya tangi kwa pampu ya baiskeli, taratibu, akapaka povu pale palipofungwa, akainama kutazama. Skrubu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Ya tano ikatoa kipovu kimoja, kidogo kama punje ya ulezi. Alikiona. Lakini wiki iliyotangulia alisema gurudumu limelegea, na Zabroni akamcheka mbele ya wateja: "Mke wangu huyu anaona hitilafu hata kwenye uji!" Kwa hiyo safari hii alifunga mdomo. Akachukua jagi la maji ya moto, akasuuza povu lote, bati likang'aa. Maji ya moto, juu ya sabuni. Mnanielewa?

Wa tatu ni Zabroni mwenyewe. Alikuwa ameita watu Jumamosi waje waone mama yake akipaa. Gundi ilipakwa Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi akajaza tangi. Nilimwuliza, "Imekauka?" Akasema, "Imekauka, Mama. Panda."

Nikapanda. Watu wakapiga vigelegele, ndege ikakimbia kwenye nyasi, tumbo langu likabaki chini, sisi tukaenda juu.

Tulipopita msitu wa mipaini ndipo tone la kwanza liliponiangukia goti la kulia. Baridi. Nikadhani ni ukungu. La pili. La tatu. Kisha hayakuwa matone tena, ulikuwa uzi, unashuka kwenye kitenge, unaelekea miguuni, na chini ya miguu bati lilikuwa la moto kiasi cha kuhisi kupitia soli. Nikakusanya kitenge nikatengeneza bakuli mapajani ili petroli isifike sakafuni. Hiyo ndiyo akili iliyonijia. Nikapiga kelele, "Zabroni! Inamwagika!"

Akazima injini.

Hamjui ukimya ninyi. Propela ilisimama mbele yangu kama fimbo. Nasikia upepo, na nyuma yangu mwanangu wa miaka arobaini na mitatu analia, "Mama nisamehe, Mama nisamehe." Nikamwambia, "Lia ukifika chini, sasa shika usukani." Tukateleza, tukateleza, tukaanguka kwa magurudumu katika viazi vya Mzee Luvanda. Hakuna kilichowaka. Nilishuka mwenyewe, nikakaa kwenye tuta mpaka adhuhuri.

Walipofungua geji, gundi ya skrubu nne ilikuwa laini kama uji wa mgonjwa, na ya tano haina kitu. Kila mmoja akakiri lake. Hata mimi nilishangaa.

Mtasema ichomwe. Nilisema. Zabroni ameapa ataruka hata kama nimelala mlangoni. Wameziba upya, skrubu zote tano kwa gundi, wamengoja siku mbili, na leo ni leo. Lakini anataka mtu kiti cha mbele wa kutazama geji na kunusa, kwa sababu gunia la mahindi halina pua. Na hapo ndipo wameshindwana, wakaniletea mimi.

Zabroni anasema: "Akae Edina. Jicho lililoona kipovu cha punje ya ulezi, ndilo jicho ninalolitaka."

Edina anasema: "Mimi nikae, na wewe nyuma yangu, halafu mtoto anayenyonya aachiwe nani? Akae Ayubu. Mkono wake ndio uliofunga, aikalie kazi yake."

Ayubu anasema: "Nimekosa, Mama Zabroni, sikatai. Lakini sabuni ningeitoa kesho yake nikapaka gundi, kama ningepewa siku mbili. Aliyesema imekauka ni nani? Aruke peke yake na gunia lake."

Wako uani sasa hivi. Wamekaa kwenye viroba, hawatazamani.

Na kuna moja ambalo sijawaambia wao, nawaambia ninyi. Asubuhi ile, kabla propela haijazungushwa, nilipokaa tu kitini, nilinusa petroli. Hafifu, lakini niliinusa. Pua yangu haijazeeka. Nikatazama watu waliojaa pale, nikatazama mwanangu alivyojinyoosha mbele yao, nikaona haya kushuka. Nikajifunga mkanda.

Kwa hiyo walioguswa na kosa si watatu. Aliyeziba kwa sabuni, aliyeona akanyamaza, aliyesema imekauka, na aliyenusa akapanda. Je, nani anastahili kukaa kiti cha mbele?

Bishaneni wenyewe. Mimi natoka, na mlango naufunga.