Zulia Lililoungua Pembe

Enyi mliohudhuria, tegeni masikio na mfunge vinywa, kwani mji nitakaousimulia haukuzoea kukatizwa maneno. Uliitwa Rukhama, na aliyeutawala ni Sultani Nasibu bin Harithi, mwenye taji na tabasamu, na katika miji yote ya enzi zile hapakuwa na mji uliojua kujivuna kama huo. Watu wake walitembea vifua mbele, na punda wao vivyo hivyo, na ombaomba wa Rukhama akikunyooshea mkono alikukazia macho kana kwamba wewe ndiye unayeomba. Wallahi, ulikuwa mji!

Na mji huo ulikuwa na ada yake. Kila mwaka, asubuhi ya Idi kubwa, milango yote iliachwa wazi, na watu wakapita mtaa kwa mtaa wakichungulia kumbi za wenzao, na Sultani naye akapita na wazee wake, na nyumba iliyompendeza kuliko zote ndiyo aliyokwenda kula chakula Ijumaa iliyofuata. Wahenga walisema fahari ya macho haifilisi duka, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa Rukhama. Huko macho yalifilisi duka, na shamba, na ng'ombe wa maziwa.

Basi katika mtaa wa manukato aliishi Mbaruku bin Shaha, muuza udi na marashi, mtu hodari na mkweli wa mizani, na mkewe Shufaa, na binti yao wa pekee, Mwanakheri, aliyekuwa bado msichana mdogo. Ukumbi wao ulikuwa na mikeka safi ya ukindu na dele la kahawa la shaba, na hakuna aliyelala njaa katika nyumba hiyo. Hata Idi moja watu wakapita mlangoni pake, na mmoja akasema kwa sauti, "Hapa hapana kitu, twendeni kwa Sheikh Hilali." Sheikh Hilali alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na mwaka huo alikuwa ametandika hariri mpaka barazani.

"Wameniona sina," Mbaruku akamwambia mkewe.

"Wameona mikeka," akajibu Shufaa. "Hao macho yao yamekununulia hata chumvi, Baba Mwanakheri? Kula pilau yako."

Hakula. Na mwaka mzima neno lile lilimkaa rohoni.

Idi nyingine ilipokaribia, akaja dukani mgeni asiyejulikana, akamuuzia chetezo kikuukuu cha shaba kwa bei ya kutupa, akaenda zake. Mbaruku akakitia makaa na udi ili akijaribu, na moshi ukapanda na kuzunguka, na ndani ya moshi akatoka jini mrefu, masharubu yamepakwa mafuta, akainama hadi kilemba kikagusa sakafu.

"Labeka, ewe bwana wangu! Mimi ni Barhuti, mfungwa wa chetezo hiki na mtumishi wa mwenye nacho. Amuru utakalo, nami sitakudai pesa wala rehani."

Mwenye akili angeuliza, "Unavitoa wapi?" Mbaruku hakuuliza. Na hapo ndipo penye kosa, jamani: mtu akiambiwa bei, huuliza kwa nini ghali, akiambiwa bure, haulizi kitu, hufungua mlango tu.

Akaagiza zulia, na zulia likaja, la Ajemi, jekundu kama punje za komamanga, ila pembe moja ilikuwa imeungua, kitundu kama kokwa ya tende. Mbaruku akaifunika kwa mto. Lakini zulia likaitia haya mikeka, na mikeka ilipotolewa vikahitajika viti, na viti vya mpingo vikataka taa za vioo, na chini ya taa zile dele la shaba likaonekana kama la kuokota, basi likaja dele la fedha, limenakshiwa majina mawili ubavuni: Mwanakheri na Ghalibu.

"Ghalibu ndiye nani?" akauliza Shufaa.

"Fundi aliyelifua, bila shaka."

"Fundi gani huyu anayeandika jina lake sambamba na la mwanangu?"

Mwisho zikaja bangili za dhahabu za Shufaa mwenyewe, nzito, nzuri, lakini zilimpwaya, kana kwamba zilipimwa kwa mwanamke mnene. Akazigeuzageuza mkononi na kusema, "Bwana wee, nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Sikuazima. Nimepewa."

"Haya. Umepewa."

Asubuhi ya Idi, Sultani Nasibu alisimama mlangoni pa Mbaruku na hakutaka kuondoka. Akasema, "Ewe Mbaruku bin Shaha, umeupamba mji wetu na kutupamba na sisi. Ijumaa, inshallah, tutakula kwako." Umati ukapiga vigelegele, na Mbaruku akajiona amekua dhiraa nzima, na siku ile aliwasalimu watu kwa kidole kimoja tu.

Akakimbilia chetezo. "Barhuti! Nataka karamu. Ng'ombe mzima wa kuokwa, sahani za dhahabu, sharubati za aina ambazo hata Sultani hazijui."

Kwa mara ya kwanza jini hakuinama. Akasema, "Bwana wangu, ghala limekwisha."

"Ghala la nani?"

"Lako. Ulidhani majini tunafuma mazulia? Kila nilicholeta ni chako mwenyewe, jasho lako la miaka ijayo. Nilikwenda kukichukua kesho nikakileta leo. Zulia hili ungelinunua ndevu zikiwa na mvi. Bangili zile ungempa mkeo uzeeni, amenenepa. Sasa huko mbele hakuna kitu. Utafanya kazi hadi kaburini, na mkono wako mtupu. Limebaki fungu moja katika nyumba hii, nalo ni la Mwanakheri: ada za harusi yake, na chakula chake, na paa la wanawe. Sema neno, na karamu ya Sultani hiyo hapo."

Mbaruku akageuka, akatazama nje. Uani, Mwanakheri alikuwa amechuchumaa akilisugua dele kuukuu la shaba kwa majivu, nalo linang'aa. Akainua kichwa na kusema, "Baba, na hili nimelisafisha, lisije likaona haya mbele ya lile la fedha."

Nami sitawadanganya: neno lilimfika ulimini. Alimfikiria Sultani akikuta ukumbi mtupu, akamfikiria Hilali akicheka nyuma ya ukuta, na mdomo ukafunguka. Kisha akamtazama mtoto tena.

"Rudisha vyote," akasema. "Hata uzi usibaki."

"Nitarudisha. Lakini sheria yetu ni hii: kilichoingia kwa siri hutoka kwa dhahiri. Utavibeba mwenyewe, mchana kweupe, hadi kiwanja cha soko, watu wakitazama, na huko ndiko nitakakovipokea."

Mbaruku akamweleza mkewe kila kitu, akingoja matusi. Shufaa akavua bangili, akajifunga kanga kiunoni. "Kukopa harusi, kulipa matanga," akasema. "Haya, wewe shika pembe hiyo, mimi nashika hii."

Wakatoka. Lo, Rukhama nzima ilijaa njiani! "Mbaruku kafilisika! Mbaruku anahamishwa!" Vicheko vikawafuata hatua kwa hatua, naye akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa zulia. Shufaa akasimama katikati ya njia, akapaza sauti wasikie wote: "Inua kichwa, bwana wee! Anayerudisha kisicho chake hatazami chini. Watazame chini waliobaki navyo!"

Mbaruku akainua kichwa. Na kuanzia hapo alitembea kama mtu wa Rukhama hasa, kifua mbele, kiti cha mpingo begani, na vicheko vikaanza kupungua, kwa kuwa wengi walikumbuka vyetezo walivyovificha mvunguni. Sheikh Hilali alikuwa barazani pake, hacheki, anajifuta jasho.

Ijumaa Sultani akaja, akakuta mikeka. Mbaruku akapiga goti na kusema, "Maulana, ulivyoviona siku ya Idi havikuwa vyangu, nimevirudisha. Hivi ni vyangu: mkeka aliousuka mke wangu, wali wa nazi, mchuzi wa kuku, na kahawa katika dele alilolisugua binti yangu. Ukiona haya kuketi, sitakulaumu. Mimi sioni haya kukukaribisha."

Wazee wakanong'ona. Sultani akaketi, akala, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha akawatoa wazee nje na kusema kwa sauti ndogo, "Mbaruku, kiti changu cha enzi kipya kimenakshiwa jina la mjukuu wangu. Sina mjukuu. Nilidhani ni bishara njema."

Mbaruku akamsimulia habari ya ghala, na Sultani akabadilika rangi, akamwita mwanawe wa mwisho aliyekuwa amekaa karibu na mlango: "Ghalibu, mwanangu, njoo usikie baba yako alichotaka kukulia."

Nyuma ya pazia, mwiko ukamponyoka Shufaa.

Kesho yake Sultani Nasibu bin Harithi alikibeba kiti chake kichwani, mchana, hadi sokoni, na nyuma yake Sheikh Hilali na hariri zake, na nyuma ya Hilali mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha kichwa. Vyetezo vile viliyeyushwa vikawa masufuria. Majini wakaenda wanakokujua wenyewe.

Miaka ikapita, na Mbaruku akauza udi wake kwa mizani ya haki, akaweka kidogo, akanunua kidogo, na ndevu zikaota mvi. Siku moja, katika duka la Mwajemi, akaliona zulia jekundu kama punje za komamanga. Akazikagua pembe zote nne, zikawa nzima, akalilipia papo hapo na kulibeba mwenyewe.

Na siku ya harusi ya Mwanakheri na Ghalibu bin Nasibu, bangili zilimbana Shufaa mikono minene, na kahawa ikamiminwa kutoka dele la fedha lenye majina ya maharusi, na Mwanakheri akaingia nyumba ya kifalme na fungu lake kamili. Katikati ya vigelegele, kaa la moto likaanguka kutoka chetezoni, likatoboa pembe ya zulia, kitundu kama kokwa ya tende. Wanawake wakapiga yowe. Sheikh Hilali, rafiki mwema, akakimbia na mto ili akifunike.

"Ondoa mto huo, Sheikh!" Mbaruku akasema, machozi yakimlenga na kifua kimemtuna kwa fahari. "Acha waone. Zulia ni langu, na tundu ni langu."

Basi mwenye kesho na asiile leo, na mwenye mkeka na aukalie kichwa juu. Hekaya yangu naitua hapa, nami sikuikopa kwa mtu.